Fimbo ya Hagrid

Muulize msomaji yeyote wa Harry Potter anakumbuka nini kwanza, atakwambia barua. Barua zilizopenya kwa mlango, zikaja ndani ya mayai, zikamwagika kutoka mahali pa moto, hadi Vernon Dursley akabeba familia nzima kukimbilia mwamba ulio katikati ya bahari. Tunaikumbuka barua kwa sababu wengi wetu tuliingoja. Ukiwa na miaka 11 pale Umoja au Githurai unajua vizuri kwamba hakuna bundi atakayepata ploti yenu, lakini dirisha unaliacha wazi kidogo, huwezi jua.

Mimi nataka tuongee kuhusu mwavuli.

Ni mwavuli wa pinki, na mwenyewe ni Rubeus Hagrid, yule jamaa mkubwa mwenye ndevu anayeangusha mlango ili kumletea Harry barua yake mkononi. Anautumia kumwotesha Dudley mkia wa nguruwe, halafu papo hapo anamwomba Harry asimwambie mtu, kwa sababu haruhusiwi kufanya uchawi. Alifukuzwa shule akiwa mwaka wa tatu. Kitabu cha pili, kilichotoka 1998, kinatuambia kwa nini. Msichana mmoja aliuawa shuleni, na Hagrid, ambaye alikuwa akifuga buibui mkubwa kisirisiri, akasingiziwa. Aliyemsingizia ni Tom Riddle, kiranja, mwerevu, kipenzi cha walimu karibu wote, na ndiye aliyekuwa nyuma ya kifo chenyewe. Fimbo ya Hagrid ikavunjwa. Baba yake alikuwa amekufa, mama alishaenda zake zamani. Dumbledore, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu tu, akaomba mtoto aachiwe walau kazi ya kutunza wanyama na msitu. Kwa hivyo Hagrid akabaki Hogwarts bila kuwa wa Hogwarts, kibandani ukingoni mwa msitu, anawatazama wenzake wakipanda madarasa.

Vipande vya fimbo yake hatuambiwi waziwazi viko wapi. Harry anashuku viko ndani ya ule mwavuli, na sisi pia.

Miaka 50 inapita. Mashambulizi yanaanza tena shuleni, na Waziri wa Uchawi anakuja usiku kumpeleka Hagrid gereza la Azkaban, bila kesi, kwa sababu wizara lazima ionekane inafanya kitu. (Rowling ni Mwingereza, lakini hapo nilihisi aliwahi kuishi hapa kwetu.) Mwishowe ukweli unajulikana. Muuaji anajulikana kwa jina. Hagrid anarudi, na mwaka unaofuata anapewa kazi ya ualimu.

Na ndivyo hivyo. Katika kitabu cha saba, cha mwaka 2007, wakiwa angani wanakimbizwa na maadui, Hagrid anajaribu kurekebisha pikipiki kwa uchawi. Anatoa nini kwenye koti? Mwavuli. Ule ule wa pinki. Na uchawi unaharibika mikononi mwake, kiti cha Harry kinang'oka kabisa.

Nimesoma mara kadhaa nikitafuta mahali ambapo mtu mmoja, hata Hermione mwenye kupigania haki za kila kiumbe, anauliza: jamani, huyu mtu tulimfukuza bure, si arudishiwe masomo yake? Sijapata. Basi niulize mimi. Ukimfungia mtoto mlango kwa kosa ambalo hakulifanya, halafu ukagundua ukweli baada ya nusu karne, anakudai nini? Pole? Uhuru? Kazi? Ama anakudai kile kile ulichochukua?

Kabla sijaendelea, neno moja juu ya Kiswahili chetu. Neno "mchawi" linanisumbua hapa. Kwa Kiingereza kuna neno la mzee mwenye kofia ndefu anayependwa na watoto. Kwetu mchawi hana shule wala sare. Ni mtu anayeelekezewa kidole na majirani, na kule Kilifi wazee wameuawa kwa kidole hicho. Sheria yetu ya Uchawi ni ya 1925, imetoka mkononi mwa mkoloni. Nitatumia "uchawi" kwa sababu sina lingine la kutosha, lakini ujue ninalitumia nikiwa nimekunja uso.

Sasa turudi. Nina rafiki anayefundisha shule ya msingi huko Kayole, na tumebishana juu ya Hagrid zaidi ya tunavyobishana juu ya siasa. Yeye anasema mlango ni lazima uwepo. Uchawi ni hatari, mtoto asiyefundishwa anaweza kuchoma nyumba. Akaniuliza, "Wewe unaweza kupanda matatu ambayo dereva hana leseni?" Nikamwambia pengine nimepanda leo asubuhi. Lakini hoja yake naikubali. Sitaki kupasuliwa tumbo na mtu aliyejifunza kwa video. Cheti si kitu cha kudharau, na wale wanaotuambia karatasi ni karatasi tu, angalia vizuri, watoto wao wako kwa shule za maana.

Mlango wenyewe siulaumu. Ninachotaka kujua ni nini unachofikiri umekipima.

Katika vitabu hivi uchawi mtu huzaliwa nao. Hakuna anayeupata kwa bidii. Argus Filch, yule mlinzi mwenye paka, ni Squib: amezaliwa na wachawi lakini yeye hana kitu. Kwa siri amejiandikisha kozi ya posta ya kujifunza uchawi, na Harry akiiona bahasha mezani, mzee anakufa kwa aibu. Tunapewa mahali hapo ili tucheke, na mimi nikiwa mdogo nilicheka sana. Siku hizi sicheki. Mzee mzima, usiku, baada ya kupiga deki korido za watoto wa watu, anafungua karatasi za somo la kwanza.

Halafu kuna Petunia, mama wa Dudley. Kwa vitabu sita ni mama mkali mwenye shingo ndefu, hakuna anayempenda. Kwenye cha saba tunagundua kwamba akiwa mtoto, dada yake Lily alipopata barua, yeye alimwandikia Dumbledore akiomba naye achukuliwe. Dumbledore akamjibu kwa upole, akamkatalia. Kwangu hapo ndipo vitabu vyote saba vinapokaribia zaidi maisha ya watu ninaowajua. Mtoto hajakosea kitu. Hakuna mtihani aliofeli. Hana tu. Na nyumba ni moja, meza ni moja, mmoja anaandaliwa sanduku na mwingine anabaki kuosha vyombo.

Haifuti aliyomfanyia Harry. Kumlaza mtoto wa marehemu dada yako chini ya ngazi miaka kumi ni ukatili, na uchungu wa zamani si risiti ya kuonyesha. Ila tukihesabu kwa haki, sisi tuliongoja barua tukaikosa, katika hadithi ile sisi si Harry. Sisi ni Petunia. Vitabu vya aina hii vinatuuzia upande wa mwenye barua, na tunasoma tukiwa upande ule mwingine wa meza.

John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika katika A Theory of Justice mwaka 1971 kwamba hakuna mtu anayestahili kipaji alichozaliwa nacho, jinsi ambavyo hakuna anayestahili familia aliyoangukia. Ni bahati nasibu. Kutoka hapo anafikiria jinsi ya kupanga jamii ili bahati ya mmoja imfae pia yule aliyeikosa. Miaka 13 kabla yake, Mwingereza Michael Young alikuwa ameandika kitabu cha kejeli juu ya nchi inayotawaliwa na waliofaulu mitihani. Kitabu hicho ndicho kilichofanya neno la Kiingereza la utawala wa wenye sifa lijulikane, na yeye alilitumia kuonya. Watu wakalichukua kama sifa! Alichokiona Young ni kwamba katika nchi kama hiyo walio juu wanaamini kabisa wamestahili, na walio chini wanaanza kuamini nao wamestahili. Hicho cha pili ndicho kibaya. Filch hamlaumu mtu. Anaficha bahasha.

Tujiulize pia mlango unapima lini. Harry anavalishwa Kofia akiwa na miaka 11, anapelekwa nyumba moja kati ya nne, na watu watamsoma kwa nyumba hiyo mpaka azeeke. Kwa Waingereza miaka 11 si namba ya kubuni. Baada ya sheria ya elimu ya 1944, mtihani wa umri huo ndio uliokuwa ukiamua nani aende shule ya wasomi na nani aende ya watu wa kawaida. Sisi tulikuwa na KCPE, kutoka 1985 hadi 2023. Alama juu ya 500, halafu shule ya kitaifa au ile ya karibu na kwenu. Kofia angalau ilikuwa na adabu. Harry aliiomba isimpeleke Slytherin na ikamsikia. Yetu ilikuuliza unataka wapi, ukaandika, halafu ukapata kwingine. Sasa ni Gredi ya 9 na njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Rafiki yangu wa Kayole anasema hii ni afadhali, mtoto anafuata anachoweza. Pengine. Lakini nani anajua anachoweza akiwa na miaka 14 au 15?

Kuna mahali Dumbledore mwenyewe, akimsifu Snape kwa ujasiri, anasema kwamba wakati mwingine huona wanawapanga watoto mapema mno. Wasomaji wengi hulipenda neno hilo. Mimi hunikasirisha. Huyu ni mwalimu mkuu! Kofia inakaa kwenye rafu ndani ya ofisi yake. Akiamka kesho anaweza kuiambia ipumzike mpaka watoto wafike mwaka wa nne. Anasema vile, anahuzunika vizuri, na Septemba ikifika kiti kinawekwa mbele na majina yanaitwa.

Aliyelishika swali hili kwa ujasiri zaidi kwangu ni Philip Pullman katika Northern Lights, 1995. Kwenye dunia ya Lyra kila mtu ana dimoni wake, mnyama ambaye ni roho yake inayotembea nje ya mwili. Dimoni wa mtoto hubadilika anavyotaka, sasa panya, sasa nondo, sasa paka mwitu. Ukibalehe anatulia kwa umbo moja mpaka kufa. Baharia mmoja mzee anamweleza Lyra kwamba kutulia kuna faida, kwa sababu ukimwona dimoni wako unajua wewe ni mtu wa aina gani. Pia anamwambia juu ya watu ambao dimoni zao zilitulia kama pomboo, na kwa hivyo hawakuweza kukanyaga nchi kavu tena. Nikisoma maneno ya baharia natulia nami. Uchovu wa kuwa "chochote unachotaka" tunaujua. Kizazi chetu kinaombwa kiwe mwandishi na dereva wa programu na muuza mitumba na mtengeneza video, yote kabla ya Jumatano. Mtu akikuambia kwamba siku moja utatulia uwe kitu kimoja, unaweza kulia kwa furaha.

Lakini Pullman ametupa kitu kingine ambacho ni rahisi kupita nacho mbio. Katika dunia hiyo, dimoni za watumishi karibu zote ni mbwa. Hebu simama hapo. Mtoto wa mpishi naye alikuwa na dimoni anayegeuka nondo na paka mwitu, kama Lyra. Halafu akafika miaka 13 au 14 na roho yake ikatulia ikawa mbwa, mnyama wa kutii. Je, alikuwa mtumishi kwa sababu roho yake ni mbwa, ama roho yake ikawa mbwa kwa sababu kila siku ya utoto wake aliitwa kwa kengele? Watu wa dunia ile wangejibu la kwanza bila kufikiri, maana ushahidi upo, umekaa miguuni unatikisa mkia. Nikisikia mtu akisema vijana wa mtaa fulani "ni watu wa mkono, si watu wa kitabu", naona mbwa hao.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Hadithi yenyewe haina Tom Riddle ndani yake kwa hivyo siirefushi. Naitaja kwa sababu ya kitu kilichofuata: kila mtu akawa na mfano wa kunipa. Bill Gates aliacha chuo. Zuckerberg aliacha chuo. Wananiambia kwa nia njema, kwenye matanga, kwenye harusi, na mmoja kwenye foleni ya benki. Na hata Hogwarts ina mfano huo, ndugu Fred na George Weasley, walioondoka kabla ya mtihani wa mwisho kwa kupaa na fagio huku shule nzima ikiwashangilia, wakafungua duka lao Diagon Alley. Wasomaji wanawapenda hawa kuliko karibu wote.

Ila waliwezaje? Harry aliwapa Galleon 1,000 alizoshinda kwenye mashindano. Mtaji, bila riba, bila dhamana. Gates alisoma shule ya upili iliyokuwa na kompyuta mwaka 1968. Sisemi hawakufanya kazi. Nasema tukisimulia hadithi ya aliyeacha shule akafaulu, kuna mkono uliompa kitu, na simulizi huukata mkono huo kama picha iliyopunguzwa pembeni. Hagrid alitoka na mwavuli.

Na lazima niseme kitu ambacho mashabiki wa Hagrid hawapendi, nami ni mmoja wao. Si mwalimu mzuri. Siku ya kwanza anawaletea watoto kiumbe mwenye kwato na makucha, mmoja anaumia. Kujiamini kukaisha, akawa anawafundisha kulisha minyoo. Baadaye anazalisha viumbe vinavyolipuka nyuma, ambavyo hakuna anayejua vina faida gani. Anawapenda wanyama kuliko mtu yeyote pale, na anawajua kwa mikono. Lakini haoni hatari ambayo mwanafunzi wa mwaka wa nne anaiona. Nilitaka sana awe mwalimu bora kuliko wote, ili ithibitike kwamba shule haikuwa na maana. Vitabu havikunipa hiyo, na nadhani hapo Rowling alikuwa sahihi. Angekuwa amekamilika, basi kumfukuza kusingekuwa hasara. Hasara inaonekana kwa mapengo yake. Aliyenyimwa kitu cha thamani atakuwa na pengo pale kilipotakiwa kukaa, na kumpamba kwa maneno ya "shule ya maisha" ni kumnyima mara ya pili.

Kuna dunia moja ambayo imejaribu kulipa tofauti. Akata Witch ya Nnedi Okorafor, 2011. Sunny ana miaka 12, ana ualbino, alizaliwa New York na sasa anaishi Aba, Nigeria, na anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui. Pesa zao zinaitwa chittim, vipande vya metali vinavyoanguka kutoka hewani, vikalia chini mbele yako, kila unapojifunza kitu. Si unapofaulu mtihani wala unapohitimu. Ukielewa tu, inadondoka. Na uwezo wa kila mtoto umefungwa pale ambapo dunia ya kawaida iliona kasoro: Orlu, ambaye herufi zinamchanganya akisoma, ndiye mwenye uwezo wa kufungua na kutengua uchawi wa wengine. Nilisoma kitabu hiki kwa simu, usiku, na nikajiuliza sakafu ya keja yangu ingekuwa imejaa chittim kiasi gani. Hata hivyo, nao wana jina kwa wasio na uchawi. Wanawaita Kondoo. Hata mwandishi mkarimu kama Okorafor, akishajenga mji wa walioitwa, amelazimika kuwapa wengine jina.

Sijapata kitabu cha vijana ambacho kimelitoroka jambo hili kabisa. Kilichokaribia zaidi hakikuandikwa kwa ajili ya vijana hasa. Ursula Le Guin alimleta Ged mwaka 1968 katika A Wizard of Earthsea: mvulana mweusi-mwekundu wa ngozi, mchunga mbuzi kutoka kisiwa cha Gont, aliyepelekwa shule ya Roke na kwa kiburi chake akafungulia kivuli kilichomwinda. Kitabu cha tatu kilitoka 1972, na mwisho wake Ged, sasa mchawi mkuu, anautumia uwezo wake wote kuufunga mlango kati ya walio hai na wafu, unaisha kabisa. Kwa mwandishi mwingine hapo ndipo jina linapoandikwa kwenye mnara. Le Guin alikaa miaka 18, halafu mwaka 1990 akaandika Tehanu, kuhusu mtu huyo anavyoamka siku inayofuata.

Anaona aibu. Wajumbe wa mfalme wanakuja kumtafuta kumpeleka kwenye sherehe ya kutawazwa, na yeye anawakimbia, anapanda milimani kuchunga mbuzi wa watu, kazi ile ile aliyoiacha akiwa mtoto. Hajui kuwa mwanamume bila fimbo. Hajui hata kumpenda mwanamke, kwa sababu wachawi wa Roke hujifungia hayo wakiwa vijana. Ana miaka mingi na hajawahi kubalehe, ukifikiria vizuri. Analelewa upya na Tenar, mjane mwenye shamba, na katika nyumba yao kuna mtoto wa kike aliyechomwa moto na watu wake mwenyewe, ambaye hakuna shule yoyote ingemwita.

Rafiki yangu amemaliza Tehanu juzi, kwa nakala yangu, na ameirudisha na madoa ya chai. Anasema kimemchosha, hakuna vita, watu wanakamua mbuzi na kuzungumza. Kisha akaniambia kwamba amebadilisha mawazo kidogo kuhusu Hagrid, sasa anaona angepewa fimbo mpya pale mwisho wa kitabu cha pili, mbele ya shule nzima. Nikamuuliza, na miaka minne ya masomo je? Akasema mtu wa miaka 60 hawezi kukaa darasani na watoto wa mwaka wa tatu, hata kiti hakimtoshi. Nikamwambia watengeneze kiti.